Jina la Philomena Ukutani

Kama Corin Haslam angefungua mdomo ndani ya gari asubuhi ile, katika saa mbili nzima za barabara kutoka Bathurst mpaka Wirrabee, labda mambo yasingefika yalikofika. Corin hakuufungua. Aliendesha pikapu yake macho mbele, akaitikia "ndiyo" na "hapana", na kila Imelda alipomshika goti alitabasamu kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Unaogopa nini?" Imelda alimuuliza. "Mimi ndiye ninayekwenda kukaguliwa na mama mkwe, si wewe."

"Siogopi kitu."

"Basi cheka kidogo."

Akacheka kidogo. Imelda Garrity alikuwa na miaka thelathini na mitatu, muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke asiyedanganyika kirahisi, lakini mapenzi yalikuwa yamemziba macho yote mawili. Aliona ni haya tu ya mwanamume aliyezidiwa na furaha. Harusi ilikuwa Februari, na Jumamosi hiyo angekutana na Bi Verna Haslam kwa mara ya kwanza, pale pale ambapo Bi Verna alipenda kukutana na kila mtu, yaani kwenye makumbusho yake.

Makumbusho yenyewe ni kiwanda cha zamani cha silaha. Wakati wa vita wasichana mia nne walijaza baruti humo kwenye fataki, vile vikopo vidogo vya shaba vinavyoamsha bomu. Vita vilipokwisha pakawa ghala la sufu, kisha makazi ya sungura, mpaka Bi Verna na wastaafu wenzake walipopaokoa kwa nyundo na rangi. Siku hiyo walikuwa wanafungua chumba kipya. Uani soseji na vitunguu vilikuwa vikikaangwa, na nzi walikuwa wamekuja bila kualikwa.

Mlangoni alikaa Mzee Alby na sanduku lake la mbao. Mbele yake, chini, ulilala ubao mwekundu wa kimo cha kifundo cha mguu. Zamani upande wa huku uliitwa mchafu na upande wa kule safi, na hakuna chuma kilichoruhusiwa kuuvuka, maana cheche moja tu ingelipua baruti.

"Kiberiti? Sigara? Pini ya nywele? Saa?" Mzee Alby aliuliza, kama alivyomuuliza kila mgeni. "Na viatu vua, vaa hivi vya kitambaa. Na sarafu zote humu."

"Hata sarafu?" Imelda alicheka.

"Hasa sarafu, binti. Humu ndani sarafu iliua watu."

Alilisema kwa uchangamfu, kama jambo ambalo kila mtoto wa Wirrabee hulinyonya pamoja na maziwa. Imelda akaacha kucheka. Kuna hadithi ya sarafu aliyowahi kusimuliwa. Akageuka kumtazama Corin, na Corin alikuwa ameinama anahangaika na kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Bi Verna aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na minane, mwenye mashavu mekundu na aproni yenye unga wa skonzi, na alimkumbatia Imelda mpaka unga ukahamia kwenye blauzi.

"Kumbe wewe ndiye uliyemfanya mwanangu apige pasi mashati. Miaka thelathini na sita nimempigia kelele bure."

"Anapiga upande wa mbele tu, Bi Haslam. Mgongoni ni makunyanzi matupu."

Bi Verna akacheka cheko la kweli, akamshika mkono. Wakapendana papo hapo, na hilo ndilo lililokuja kuuma baadaye. "Njoo uone chumba kabla watu hawajajaa. Picha nimetafuta mimi miaka ishirini. Maneno ya ukutani kaandika Corin yote, maana mimi mwandiko wangu ni wa kuku."

"Hukuniambia unaandika," Imelda alimwambia Corin.

"Ni vijisentensi tu," alisema Corin.

Chumba kilikuwa cheupe, dirisha moja juu, meza ndefu ya kazi katikati. Ukutani wasichana watatu walitabasamu ndani ya fremu, kila mmoja na shada la maua chini yake. Wa katikati alikuwa mrembo wa kuchokoza, kidevu juu. Winsome Tranter, miaka kumi na tisa. Chini yao, peke yake, bila ua hata moja, palikuwa na picha ya nne.

Imelda aliujua uso ule kabla hajasoma jina. Aliujua ule mwanya wa meno. Ulikuwa uso uliomlea baada ya mama yake kuondoka, uliomfundisha kusuka nywele na kuchuna sungura. Akasoma.

"Philomena Duggan. Kinyume cha sheria aliingiza sarafu ya fedha katika chumba cha fataki, ili imletee bahati ya harusi yake. Wasichana watatu walikufa. Yeye alipona."

Alisoma mara mbili. Mara ya pili kidole chake kilisimama kwenye maneno mawili ya mwisho.

"Corin," alisema polepole. "Huyu ni nani?"

Aliyejibu ni Bi Verna.

"Huyo ndiye muuaji wetu. Winsome alikuwa dada yake mama yangu. Mama alizika sanduku lililopigwa misumari, hakuruhusiwa kulifungua. Mpaka anakufa hakula keki ya harusi ya mtu yeyote. Na huyo bibi alipoteza vidole viwili tu, akahama mji, akaolewa huko alikokwenda, akazaa. Mtu anayejali bahati yake kuliko roho za wenzake."

"Ni bibi yangu," alisema Imelda.

Nje mtu alikuwa anaita watu waje kula. Bi Verna aliuachia mkono wa Imelda taratibu, kidole baada ya kidole.

"Umesema?"

"Philomena ni bibi yangu. Aliyenilea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, akituambia ni mashine ya kukata majani ya farasi."

Bi Verna hakumtazama tena. Alimtazama mwanawe. "Ulijua?"

"Mama, twende kwanza tukakae."

"Nimekuuliza neno moja."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Juni."

"Ukaniacha nioke skonzi." Sauti ya Bi Verna ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele. "Ukaniacha nimshike mkono mbele ya picha ya Winsome. Mjukuu wa Philomena Duggan hataingia nyumbani mwangu, Corin, nikiwa hai."

"Sijabisha hodi, Bi Haslam," alisema Imelda.

Akamshika Corin kwa mkono wa shati, akamkokota kupitia mlango wa pembeni mpaka karakana ya zamani, kwenye mashine zilizopakwa mafuta zisipate kutu. Alikuwa amevaa viatu vya kitambaa vya kijivu vikubwa kama vya mzee, na hasira yake haikujali hata kidogo.

"Nilikuambia mwenyewe," alisema. "Jikoni kwangu. Mvua inanyesha, wewe unaosha sahani, mimi nafuta. Nilikuambia jambo ambalo Bibi aliniambia akiwa kwenye kitanda cha kufia na akaniapisha nisimwambie mtu. Nikakuambia wewe. Kwa nini nilikuambia, Corin?"

"Imelda, sikiliza."

"Kwa nini nilikuambia?"

"Kwa sababu uliniamini."

"Basi nirudie maneno yangu. Nataka nione kama masikio yalikuwa wazi."

Corin alipitisha mkono usoni. Alikuwa na uso mzuri, wa jua na wa huruma, na Imelda aliuchukia siku ile kwa sababu bado aliupenda.

"Bibi yako hakuitia sarafu," alisema Corin. "Rafiki yake alilichukua gauni la kazi la bibi yako nyumbani kulitia kiraka, na akaishona sarafu ya peni sita kwenye pindo kwa siri. Kumtakia heri. Lile gauni likarudi na nguo za dobi, moja kwa moja upande safi, hakuna aliyelipekua. Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini, uzi ukakatika. Sarafu ikaangukia kwenye trei ya fataki, zikalipuka."

"Na walipomuuliza ni ya nani?"

"Akasema ni yake."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu rafiki yake alikuwa ameshakufa."

"Na jina la rafiki yake uliniuliza. Nikakuambia Win. Ukaosha sufuria moja kwa robo saa. Nikadhani umeguswa." Machozi yalikuja, akayafuta kwa nguvu kana kwamba yamemkosea adabu. "Bibi hakunitajia mji wala kiwanda. Lakini wewe ulizaliwa humu. Ulijua palepale Win ni nani. Kisha ukaketi, ukaandika, yeye alipona."

"Hayo mawili aliniambia mama niyaongeze."

"Na mkono ulikuwa wa nani?"

Akajaribu mlango mwingine. "Mama ana moyo mbovu. Huyo Winsome kwake ni malaika, amekua na picha yake juu ya kitanda. Nilitaka tuoane kwanza. Mkishazoeana, polepole, ningekibadilisha kile kibao, hakuna ambaye angegundua."

Ndivyo alivyokuwa Corin. Funika kombe mwanaharamu apite, na akipita usilifunue tena. Shuleni aliwafichia wenzake makosa, kazini alimfichia bosi, na kila mtu alimwita mtu wa amani.

"Ulinileta hapa ukijua nitakiona," alisema Imelda.

"Nilidhani hamtafika chumba kile. Nilidhani mtakaa kwenye chai."

Imelda alimpa kisogo. Corin akaona hiyo ni nafasi, na akasema neno ambalo hakuna maji ya kuliosha.

"Bibi yako amekwisha kufa, mpenzi. Haumii tena."

"Na Winsome yuko hai?" Imelda aliuliza. "Naye hajafa? Mbona yeye unamlinda? Wako wawili kaburini, wote hawasikii, na wewe ukachagua mmoja umwekee maua na mwingine umpake kinyesi. Usiniambie ni kwa sababu ya moyo wa mama yako. Ni kwa sababu mimi nilikuwa rahisi. Ulijua nitalia, kisha nitasamehe."

"Usimwambie mama. Nakuomba."

"Sitamwambia mimi. Nilivunja kiapo mara moja, naona malipo yake. Utamwambia wewe. Sasa hivi."

"Kuniambia nini?"

Bi Verna alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevua aproni, na bila aproni alionekana mzee zaidi. Nyuma yake Mzee Alby alikuwa anajaribu kuonekana kama mtu anayekagua taa.

Imelda alimtazama Corin. Alimpa nafasi. Baadaye, akikumbuka, alikuwa na uhakika kwamba alimpa nafasi ya kutosha, muda wa mtu kuvuta pumzi tatu, na kwamba katika pumzi zile tatu angeweza kumsamehe yote. Alikuwa anamwomba kwa macho. Sema, mpenzi wangu. Sema, na Februari itakuwepo.

"Hakuna kitu, mama," alisema Corin. "Imelda amechoka na safari."

Kitu fulani ndani ya Imelda kilikaa chini na kutulia. Hasira haikuondoka, ila iliacha kuchemka, ikawa ngumu na baridi.

"Sikuchoka," alisema. "Bi Haslam, sitakueleza yote, maana niliapishwa. Nitakuambia moja tu. Bibi yangu hakuishona ile sarafu. Hakujua kama imo."

"Alikiri mwenyewe. Nimesoma faili la uchunguzi mara mia."

"Alikiri."

"Sasa mtu gani atakiri kosa ambalo," Bi Verna alianza, kisha akaacha.

Midomo yake ilibaki wazi. Alirudi hatua moja, akashika ukingo wa mashine. Mtu aliyemtazama vizuri angeona kwamba alikuwa anahesabu mishono. Bi Verna Haslam alikuwa amesimamia harusi nne katika ujana wake. Mara nne alikuwa ameketi kitandani usiku wa kuamkia harusi, akashona sarafu ya peni sita kwenye pindo la gauni la mwenzake, kimyakimya, huku bibi harusi akijifanya hajui. Kila mwanamke wa Wirrabee anajua hilo. Bibi harusi hajitilii sarafu mwenyewe. Akijitilia ni mkosi. Huitia msimamizi wake, rafiki aliye karibu kuliko wote.

Wanaume waliandika lile faili. Watatu, kutoka mjini, waliovaa suti, na hakuna hata mmoja aliyejua kushona. Lakini yeye alilisoma mara mia, na yeye alijua.

"Msimamizi wake alikuwa nani?" aliuliza.

Imelda akatikisa kichwa.

"Binti, msimamizi wa Philomena alikuwa nani?"

"Mtu aliyempenda sana," alisema Imelda. "Zaidi ya hapo usiniulize."

Bi Verna akageuka. "Corin. Nitazame."

Corin alitazama sakafu. Mama yeyote anajua maana ya mtoto kutazama sakafu, hata mtoto mwenye mvi mbili tatu. Bi Verna akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukafanya kile ambacho nyuso za wazee hufanya kabla ya kulia, ila hakulia.

"Mama alikuwa na gauni la kijani la Winsome kabatini," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Jipya, halijavaliwa. Nikamuuliza lilikuwa la nini. Akaniambia la dansi. Kumbe lilikuwa la kusimamia harusi." Akatikisa kichwa. "Mama alijua. Alijua, mwanamke yule, na kila Jumapili alimlaani Philomena mezani mbele yetu kabla ya kukata nyama."

"Mama, huna hakika," alisema Corin. "Daktari amesema usi—"

"Alby," alisema Bi Verna. "Bisibisi."

Mzee Alby alisitasita. "Verna, ni chuma. Hakivuki ubao."

"Lete."

Akaleta. Miaka kumi na minane tangu wafungue makumbusho yale, kilikuwa chuma cha kwanza kuuvuka ubao mwekundu siku ya wageni, na Mzee Alby alikibeba kwa mikono miwili kama yai. Chumba cha picha kilikuwa kimeanza kujaa watu wenye sahani za skonzi. Walimwona Bi Verna akipanda kwenye kigoda na kukifungua kile kibao, skrubu moja baada ya nyingine, bila kumruhusu mtu kumsaidia. Skrubu ya tatu iligoma. Aliishughulikia mpaka jasho likamtoka. Kilipobanduka akakitia chini ya kwapa, akahamisha ua moja kutoka kwa Winsome akaliweka chini ya picha ya Philomena. Moja tu. Akawaambia wageni kwamba chumba kimefungwa kwa marekebisho, na chai iko upande ule.

Kisha alikuja kwa Imelda, na kwa muda wanawake wale wawili walisimama bila kujua mikono waiweke wapi.

"Sijui nikuambie nini," alisema Bi Verna.

"Leo usiniambie kitu."

"Nimemtukana mbele yako."

"Umemtukana. Na nimekasirika sana, Bi Haslam, sitakudanganya. Nitakasirika mwezi mzima."

"Kasirika. Ni haki yako." Akajifuta jasho. "Lakini utakunywa chai?"

Imelda alifikiri. "Nitakunywa."

Wakaketi kwenye benchi la uani, kila mmoja na kikombe chake. Chai ilikuwa nzito na tamu kupita kiasi. Bi Verna alimpa skonzi yenye jemu na krimu, akaila yote, kwa sababu hasira humpa njaa. Corin alizunguka pale mbali kwa dakika tano, kisha akaja. Uso wake ulikuwa umeanza kupata nafuu. Alikuwa mtu ambaye, dhoruba ikipita na nyumba bado imesimama, huamini kwamba hakuna kilichovunjika.

"Basi yamekwisha," alisema kwa upole, akachuchumaa mbele ya Imelda na kuweka mkono kwenye goti lake. "Mama amejua, na hakuna aliyezimia. Nitaandika kibao kingine, vizuri, wewe utanisomea kabla. Tumesameheana, si ndiyo?"

Imelda aliutazama ule mkono. Aliujua kila mshipa wake. Akauinua kutoka gotini kwake, bila kuutupa, akamrudishia mwenyewe.

"Mama yako nimemsamehe," alisema. "Au nitamsamehe. Alikuwa hajui."

"Na mimi?"

"Wewe ulijua, Corin."

Corin alisubiri aseme zaidi. Imelda aliweka kikombe chini, akamgeukia Bi Verna, akamuuliza kama kuna basi la mchana la kwenda Bathurst.

"Jumamosi basi hakuna," alisema Bi Verna. Akamtazama mwanawe aliyechuchumaa, akamtazama kwa muda, kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka na viatu vya Imelda mkono mmoja na funguo za gari lake mwenyewe mkono wa pili.